Kubadilisha mafuta ya giaboksi ya otomatiki katika pikapu iliyotumika

Mtu anayenunua pikapu iliyotumika jijini Dar es Salaam, iwe imeshushwa bandarini wiki iliyopita au imekwisha kupita mikononi mwa wamiliki watatu wa Temeke na Kinondoni, hukabidhiwa kadi ya gari, ufunguo na maneno ya muuzaji. Historia ya giaboksi hakabidhiwi. Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi huenda ni za kweli na huenda zimerudishwa nyuma, na kikaratasi cha huduma kilichobandikwa mlangoni, kama bado kipo, mara nyingi kimeandikwa Kijapani na kinahusu oili ya injini peke yake. Shahidi anayebaki ndani ya gari ni mafuta yenyewe, kwa kuwa rangi yake, harufu yake, kiasi chake na masalia yaliyotulia ndani ya sampu, lile bakuli la mafuta lililo chini ya giaboksi, hueleza jinsi gari lilivyotumiwa. Kwa sababu hiyo nashauri kazi hii ifanywe katika wiki za kwanza baada ya kununua, na ifanywe na mwenye gari mwenyewe au mbele ya macho yake, ili mafuta ya zamani yatazamwe, yanuswe na kupimwa kabla ya kuondolewa.

Mafuta ya giaboksi ya otomatiki, ambayo mafundi wetu wengi huyaita haidroliki, hufanya kazi nyingi zaidi kuliko oili ya giaboksi ya kawaida. Hulainisha gia na beringi, hupeleka nguvu ya injini ndani ya toki konveta (kiungo cha mafuta kilicho kati ya injini na giaboksi), husukuma pistoni zinazobana pleti za klachi, na wakati huohuo hubeba joto kulipeleka kwenye kipozeo, ambacho katika pikapu nyingi kimo ndani ya rejeta. Gari linapokaa kwenye foleni ya Buguruni au Ubungo likiwa na mzigo, gia ikiwa D na mguu ukiwa kwenye breki, toki konveta huendelea kuyachapa mafuta hayo bila gari kusogea, na joto hupanda ilhali upepo unaopita kwenye rejeta ni mdogo. Mafuta yaliyopata joto kupita kiasi mara kwa mara huungua polepole, hupoteza uwezo wake wa kulainisha na huacha utando kwenye valvu nyembamba zinazoamua lini gia ibadilike. Ndiyo maana sikubaliani na kauli kwamba mafuta ya baadhi ya giaboksi ni ya maisha yote ya gari. Kwa pikapu inayobeba mizigo katika jiji hili, mimi hubadilisha kila kilomita 40,000, na sijawahi kujuta.

Aina ya mafuta

Jambo la kwanza ni kujua aina ya mafuta, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Hilux za miaka ya 1990 zenye giaboksi ya A340 zilitengenezwa kutumia mafuta ya daraja la Dexron II, na leo huwekewa Dexron III. Za baadaye zenye giaboksi hiyohiyo zilihamia Type T-IV. Na zile zenye giaboksi ya A750 ya gia 5 hutumia WS, ambayo ni nyepesi zaidi. T-IV na WS hazibadilishani wala hazichanganywi, hata kama zote mbili ni nyekundu na muuza duka anaapa kwamba ni kitu kimoja. Nissan wana Matic-D, Matic-J na Matic-S kutegemea mwaka na giaboksi, na L200 nyingi za Mitsubishi hutaka SP-III. Mafuta ya giaboksi za CVT, zile zinazotumia mkanda badala ya gia, hayahusiki kabisa na pikapu hizi, na oili ya difu, ile nzito inayouzwa kama namba 90, ikiingia humo itaiharibu giaboksi.

Usikisie. Soma kwanza stiki ya kupimia, kwa sababu mara nyingi aina ya mafuta imechapwa kwenye bati lake, na kwa giaboksi isiyo na stiki tazama nati ya kujazia, ambayo katika Toyota nyingi ina herufi WS zilizochongwa. Tahadhari hii ni kubwa zaidi kwa Hilux, kwa kuwa Toyota iliacha kuiuza nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha mwaka 2017, na hivyo Hilux za miaka ya katikati zilizopo barabarani kwetu zilitoka katika masoko mengine, na maelezo unayoyasoma mtandaoni kuhusu gari la Japani huenda yasilihusu lako.

Unapokwenda kununua Gerezani, eneo la maduka ya vipuri jijini, nunua makopo yote kwa mara moja, ya aina moja, na ukague kama kifuniko bado kina pete yake isiyokatwa na kama namba ya toleo iliyochapwa kwenye kopo haijafutwa. Kopo lililojazwa upya linafanana sana na jipya kwa mbali. Nunua pia gasketi ya sampu, filta, na washa mpya (pete ya kuzuia uvujaji) ya nati ya kumwagia. Kwa mara ya kwanza lita 4 hadi 5 zinatosha, lakini ukiwa na uwezo chukua 12, kwa sababu utakazoziona mbele.

Kuyapima ya zamani kabla ya kugusa spana

Kabla hujafungua kitu chochote, endesha gari kwa dakika 20 hadi 30 ili mafuta yapate joto lake la kazi, ambalo kwa Toyota ni nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Liegeshe mahali palipo sawa, vuta breki ya mkono, na injini ikiendelea kunguruma pitisha mkono wa gia taratibu kutoka P hadi L na kuurudisha P. Chomoa stiki, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, irudishe yote, kisha ichomoe tena na usome upande ulioandikwa HOT. Kumbuka kwamba kipimo hiki, tofauti na kile cha oili ya injini, katika Toyota na Nissan husomwa injini ikiwa inafanya kazi.

Dondoshea tone moja kwenye karatasi nyeupe. Tone jekundu linaloangaza ni habari njema. La kahawia iliyofifia ni mafuta yaliyochoka, na hilo ndilo utakalolikuta mara nyingi. Jeusi lenye harufu ya kitu kilichoungua, kama mkate uliosahauliwa jikoni, linamaanisha kwamba pleti za klachi zimepata moto. Ukikuta jeusi la namna hiyo na gari tayari linateleza, yaani injini inapanda mzunguko lakini gari halivuti, au gia ya D inachukua sekunde kadhaa kushika, elewa kwamba mafuta mapya hayatarudisha pleti zilizolika. Watu husema kwamba kubadilisha mafuta ndiko kulikoua giaboksi yao, ilhali kwa kawaida giaboksi ilikuwa imekwisha kuumia na kazi ilifanywa kwa kuchelewa. Katika hali hiyo nenda kwanza kwa fundi wa giaboksi, umwonyeshe karatasi, na mkubaliane kuhusu gharama kabla ya kununua lita hata moja.

Rangi inayonitia hofu zaidi ni ya waridi yenye ukungu, mfano wa maziwa yaliyotiwa rangi. Hiyo ni maji. Yanaweza kuwa yametoka ndani ya rejeta, pale kipozeo kilipotoboka na maji ya rejeta yakachanganyika na mafuta, au yanaweza kuwa yameingia kwa juu. Kila masika, bonde la Jangwani linapofurika na magari yakalazimisha kupita, giaboksi yenye moto huzamishwa ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo ndani hunywea, na maji huvutwa kupitia tundu la kupumulia. Maji hulegeza gundi inayoshikilia ngozi ya pleti za klachi, kwa hiyo gari lenye mafuta ya rangi hii lisiendeshwe hata kwenda gereji, livutwe. Kisha chanzo kitafutwe kwanza, kwa maana kumwaga na kujaza bila kubadilisha rejeta iliyotoboka ni kumimina fedha mtaroni.

Kuinua gari

Sehemu kubwa ya jiji letu imekaa juu ya mchanga. Katika nyua za Kigamboni na Mbagala, jeki iliyowekwa juu ya ardhi tupu huzama upande mmoja wakati mtu yuko chini ya gari, na pikapu tupu ina uzito wa karibu tani 2. Tafuta sakafu ya zege. Ukiikosa, weka chini ya jeki na chini ya kila stendi kipande cha ubao mgumu chenye unene wa sentimita 5 na upana wa kutosha, ziba magurudumu kwa mawe au magogo, na uhakikishe gari limekaa juu ya stendi nne za chuma, si juu ya tofali, kwa maana tofali hupasuka bila onyo. Pikapu nyingi zimeinuka kiasi kwamba mtu mwembamba anaweza kuingia uvunguni bila jeki kabisa, na hilo ni bora zaidi, kwa kuwa gari linabaki sawa na kipimo kinakuwa cha kweli.

Acha mafuta yapoe kidogo. Ya moto sana huunguza mkono papo hapo, nayo hayatapungua wepesi kwa kusubiri nusu saa.

Kumwaga

Tambua nati sahihi. Hili nalisisitiza kwa sababu lilinipata: gereji moja niliyoiachia gari kwa huduma ya oili ya injini ilifungua nati ya giaboksi kwa makosa, ikaongeza lita 4 za oili mpya juu ya ile ya zamani kwenye injini, na nikaondoka na giaboksi yenye upungufu na injini iliyofurika. Sampu ya injini iko mbele, chini ya injini yenyewe. Ya giaboksi iko nyuma yake, ni pana na bapa, imezungukwa na boliti ndogo nyingi. Nyuma zaidi, kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, kuna transfa, inayogawa nguvu mbele na nyuma, yenye nati zake mbili na oili yake tofauti. Mafuta yanayoanza kutoka yakiwa meusi na mazito kama oili ya injini, rudisha nati mara moja na uangalie upya.

Kwa giaboksi isiyo na stiki, fungua kwanza nati ya kujazia iliyo ubavuni kabla hujagusa ya kumwagia. Nati hiyo wakati mwingine imeshikwa na kutu, na hutaki kugundua hivyo baada ya kumwaga mafuta yote.

Weka chini beseni safi lenye alama za lita, au beseni la kawaida ambalo baadaye utamimina yaliyomo katika chupa za lita moja moja. Legeza nati ya kumwagia, ambayo kwa Toyota kwa kawaida ni ya spana namba 14, uimalizie kwa vidole ukiisukumia juu kidogo, kisha uiondoe kwa haraka. Yaache yatiririke hadi yabaki matone. Yatakayotoka ni lita 2 hadi 4 tu, ingawa giaboksi nzima hubeba lita 8 hadi 12, kwa sababu mengine yamebaki ndani ya toki konveta na mabomba ya kipozeo. Andika kiasi halisi kilichotoka. Kama stiki ilionyesha upungufu asubuhi, ongeza upungufu huo katika hesabu yako.

Kusoma kilichobaki kwenye sampu

Mafundi wengi huishia kwenye kumwaga. Kwa gari ambalo ni lako kwa mara ya kwanza, nakuomba ushushe sampu. Boliti zake ni za spana namba 10. Zilegeze zote kwa zamu, kisha toa za upande mmoja kwanza ili sampu iinamie upande huo na mafuta yaliyobaki yamwagike polepole. Ikiwa imegandishwa na silikoni, igonge kwa nyundo ya mpira ubavuni; usiichokoe kwa bisibisi, kwa kuwa mkwaruzo mmoja kwenye uso wa aluminiamu wa giaboksi utavujisha mafuta miaka yote.

Ndani ya sampu utakuta sumaku ndogo, mbili au zaidi, na juu yake tope la kijivu. Lisugue kati ya vidole. Likiwa laini kama poda, ni uchakavu wa kawaida wa chuma na hakuna sababu ya kukosa usingizi, hata kama linaonekana jingi, kwani huenda ni la miaka 15. Ukihisi chembe zinazochoma, au ukiona vipande vyenye umbo, basi gia au beringi imevunjika na kazi isimame hapo. Vipande vya rangi ya shaba hutoka kwenye bushi. Masizi meusi yasiyovutwa na sumaku ni ngozi ya pleti za klachi; kidogo chake ni kawaida, lakini yakiwa yametanda sampu nzima, gari lilibeba mizigo kupita uwezo wake kwa muda mrefu. Napenda kupiga picha ya sampu kabla ya kuisafisha, pamoja na kilomita za dashibodi, kwa sababu mara ya pili utakapoifungua utakuwa na kitu cha kulinganisha nacho, na ulinganisho huo una thamani kuliko maelezo ya muuzaji yeyote.

Filta hushikwa na boliti chache ambazo katika baadhi ya giaboksi hazilingani urefu. Zipange juu ya kadibodi kwa mpangilio uliozitoa, kwa kuwa ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kupasua bodi ya valvu, ile inayobeba valvu za kubadilisha gia. Filta za Toyota za aina hii nyingi ni wavu wa chuma, nao huweza kuoshwa kwa petroli safi mbali na moto, lakini mpya haigharimu kiasi cha kuhatarisha giaboksi. Hakikisha kwamba pete ya mpira ya filta ya zamani haikubaki juu.

Osha sampu na sumaku hadi zing'ae, zikaushe, rudisha kila sumaku mahali pake, weka gasketi mpya ikiwa kavu na uso wote ukiwa safi. Boliti za sampu hukazwa kwa nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani: kwa A340 ni takribani nyutoni mita 7, yaani nguvu ya mkono ulioshika spana karibu na kichwa chake. Zikaze kwa kuvukana, ya huku kisha ya kule, kwa mizunguko miwili. Ukizidisha, gasketi hujipinda na kutokeza nje, na ndiyo sababu ya uvujaji mwingi unaolaumiwa gasketi yenyewe. Nati ya kumwagia, ikiwa na washa mpya, hutaka nyutoni mita 20 hivi.

Kujaza na kupata kipimo

Kwa giaboksi yenye stiki, mafuta huingia kupitia bomba lilelile la stiki, kwa faneli yenye mdomo mwembamba na safi. Mimina kiasi kilekile kilichotoka, pungufu ya nusu lita. Washa injini, shika breki, pitisha gia zote ukikaa sekunde chache katika kila moja, kisha upime na kuongeza kidogo kidogo. Maliza kipimo cha mwisho baada ya kuendesha na mafuta kufikia joto. Yakipungua, pampu huvuta hewa na gia huteleza. Yakizidi, vipuri vinavyozunguka huyachapa hadi yatoe povu, na povu halibani klachi wala halipozi. Ukijaza kupita alama, toa ziada kwa mpira mwembamba na bomba la sindano kupitia njia ya stiki.

Giaboksi isiyo na stiki inataka subira zaidi. Hujazwa kwa pampu ya mkono kupitia nati ya ubavuni, na kipimo hupatikana kwa kufungua nati ndogo ya chini injini ikinguruma: yakitiririka membamba na kugeuka matone, yametosha. Lakini hesabu hiyo ni ya kweli katika joto maalumu tu, ambalo kwa A750 ni kati ya nyuzi 46 na 56. Yakiwa baridi zaidi yamenywea, na utajaza kupita kiasi. Yakiwa ya moto zaidi yamevimba, yatamwagika na kubaki pungufu. Kwa joto la Dar es Salaam dirisha hilo hupita haraka, kwa hiyo fanya kazi hii alfajiri gari likiwa limelala usiku kucha, na usome joto kwa mashine inayounganishwa na kompyuta ya gari.

Sasa zile lita 12. Ikiwa giaboksi inabeba lita 10 na umebadilisha 3, asilimia 70 ya yaliyomo bado ni ya zamani. Ukiendesha wiki moja au mbili na kurudia kumwaga na kujaza, bila kushusha sampu tena, inabaki 49. Ukirudia mara ya tatu, 34. Mara ya nne, 24. Napendelea njia hii ya polepole kuliko mashine inayosukuma mafuta yote kwa mkupuo mmoja, hasa kwa gari lisilojulikana, kwa sababu uchafu uliotulia kwa miaka hautikiswi wote kwa pamoja kuelekea kwenye valvu. Inaligharimu gari muda, na inakupa nafasi nne za kutazama rangi ya kinachotoka.

Baada ya safari ya kwanza yenye mlima, kwa mfano kupanda Pugu na kurudi, ingia tena uvunguni na upitishe karatasi kavu kwenye ukingo wote wa sampu na kwenye nati. Unyevu mwekundu mahali pamoja ni boliti iliyosahauliwa. Unyevu kuzunguka pande zote ni gasketi iliyopinda. Mafuta ya zamani yafunge katika galoni zake na uyapeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu, kwani mitaro yetu mingi hushuka hadi Mto Msimbazi, na watu wa bondeni bado wanamwagilia mchicha kwa maji yake.